Nani Atachunga Mbuzi wa Nakiru?

Sikuwa nimestaafu hata mwezi mmoja vijana wa kikosi cha kujitolea, wale wanaotafuta watu waliopotea milimani, waliponijia nyumbani Chechelesi, hapa Isiolo, wakiwa wamebeba katoni. Ndani kulikuwa na fulana za njano. Wapanda milima wa Nairobi, wanaokuja mwisho wa wiki na fimbo mbili mbili kama watu wenye miguu minne, walikuwa wamezituma kuwa mchango wao. Kifuani zimeandikwa "Mashujaa".

"Mzee Kiambi," akasema kiongozi wao, binti anayefanya kazi pale hospitalini, "wanauliza tena watusaidie vipi. Tuwaambie nini?"

Nikamuuliza kama gari lao lina spea. Akasema halina. Nikamuuliza kama wana maji ya akiba. Akacheka. Nikazitazama zile fulana nikajisikia kuchoka kama mtu aliyesukuma lori kutoka Garbatulla. Miaka yote hii swali ni lile lile, jibu ni lile lile, na watu bado wanatuma nguo.

Basi naandika, ili mkiulizwa tena muwe na cha kuwasomea. Sitaandika habari za vyeo, maana sikupata vingi, wala habari za mshahara, kwa sababu daktari amenikataza mambo yanayopandisha presha. Nitaandika tulivyoanza, na waliotufunza, na jinsi ilivyokuwa shida kubwa kumfanya mpanda mlima mmoja aelewe jambo dogo.

Nilikuja Isiolo kutoka Meru nikiwa kijana mwenye leseni mpya, katikati ya miaka ya Shifta. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Kulikuwa na watu, ndio walioitwa Shifta, waliotaka upande huu wa kaskazini ujiunge na Somalia, na serikali haikukubali, na sisi wengine tulikuwa katikati tukijaribu kufika kazini. Magari yaliyokwenda mbali yalisafiri kwa msafara, na kila barabara ilikuwa na baria, kizuizi cha kukagua watu, na askari. Wafugaji wa upande wa Garbatulla walikusanywa vijijini wakakatazwa kutoka na mifugo yao bila pasi. Mborana au Msomali akionekana peke yake porini, risasi ilitangulia na swali likafuata.

Niliajiriwa kuendesha gari la wagonjwa la hospitali ya serikali. Lilikuwa Landrova lenye klachi ngumu na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba. Siku ya kwanza nililisafisha mpaka likang'aa, nikasimama kando yake nikingoja kusifiwa. Akaja dresa mkuu, msimamizi wa wafunga vidonda, Mzee Guyo, Mborana mrefu mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma.

"Salaam aleikum," akasema.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Asubuhi imekwisha ukiosha gari. Ukiitwa kwa mgonjwa wa mbali, unapakia nini kwanza?"

"Petroli," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.

"Maji," akasema. "Petroli ikiisha, utakaa. Maji yakiisha, hutakaa."

Akafungua mlango wa nyuma, akanitolea kile kiti nilichokipangusa vizuri, na mahali pake akaweka madebe mawili ya maji, blanketi, magunia, na fito mbili za mti mgumu. Zile fito na magunia ndiyo yaliyokuwa machela yetu. Ukizipitisha kwenye kingo za magunia yaliyotobolewa unapata kitanda cha kubebea mtu, na ukimaliza unapata tena magunia ya viazi. Hivyo ndivyo timu ya uokoaji ilivyokuwa, msitafute kumbukumbu nyingine.

Jambo la pili alilonifunza lilikuwa kuzima injini. Kila tulipofika mahali pa kutafuta mtu alinigonga bega. "Zima. Watu wengine wanakufa kwa adabu, hawapigi kelele. Gari likinguruma hutawasikia." Tulikuwa tukipuliza filimbi, kisha tukikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mpaka nastaafu sijapata chombo cha kazi kinachoshinda huko kukaa kimya.

Sasa mtauliza hospitali ilihusikaje na watu wa milimani. Haikuhusika. Kazi yetu iliishia barabarani. Lakini mashariki ya barabara, ukishapita Ngaremara, kuna kilima chenye miamba tulichokiita Kilima cha Nyuki, na kile kilima kilikuwa kinawavuta wapandaji kama sukari. Wakati ule wengi wao walikuwa Wazungu, walimu wa shule za kule nyanda za juu na makarani wa benki. Siku hizi ni watoto wetu wenyewe, na hawajawa na akili zaidi. Polisi walikuwa na vita vyao. Kwa hiyo mtu akipotea, habari zililetwa hospitalini, na Mzee Guyo, badala ya kusema kwamba si kazi yetu, alivaa viatu. Daktari alituruhusu kutumia gari siku za mapumziko, mradi mafuta tujitafutie wenyewe. Ndivyo tulivyokuwa watu wa kujitolea. Hakuna aliyetuuliza.

Mara ya kwanza nilikasirika njia nzima.

"Nchi ina vita, Mzee, na mtu ametoka Nairobi kuja kupanda jiwe!"

"Jiwe halijui kama kuna vita," akasema. "Naye pia hajui. Angalia barabara."

Tena kilichonikera zaidi ni baria. Mzee Guyo alizaliwa upande ule, akachunga ngamia wa baba yake upande ule, lakini kila mara alishushwa, akapekuliwa, akaulizwa kipande cha utambulisho, akaulizwa anakwenda wapi. Wapandaji walipunga mkono tu na gari lao likapita.

Pale Ngaremara tulimchukua Nakiru. Alikuwa mjane wa Kiturkana, mwenye shanga hadi kidevuni na mdomo mkali kuliko siafu. Mbuzi wake walilisha chini ya Kilima cha Nyuki, kwa hiyo alizijua njia zake zote, na pia alijua kwamba anazijua. Usidhani alikuwa mpole. Siku ile ya kwanza alilizunguka gari letu akalitazama, akaniuliza, "Hii ndiyo imekuja kuokoa mtu? Nani ataokoa hii?"

Tulimkuta mpandaji wetu amekaa kivulini akikausha soksi. Alikuwa amepotea njia tu. Alitushukuru sana, akampa kila mmoja mkono, akaenda zake. Baadaye ilifika picha yake mwenyewe akiwa amesimama juu ya kilima, ndani ya fremu. Daktari aliitundika ofisini. Sisi tulikuwa tumepasua matairi mawili.

Ikawa hivyo. Tulimtafuta huyu, tukamteremsha yule. Shukrani zilikuja, na nyingine ziliniudhi kuliko matusi. Mmoja alimletea Mzee Guyo chupa ya pombe kali, Mwislamu aswaliye mara tano. Mwingine alileta biskuti za mkebe, tukazila, zilikuwa nzuri, lakini hazikuingia kwenye tangi. Wengine waliahidi kurudi, nao walirudi kweli, wakapotea tena. Na kila mmoja aliyeondoka alisema neno moja, kwamba sisi tuna moyo. Ningependa kuwakumbusha wote kwamba Landrova haiendeshwi na moyo.

Nakiru hakuletewa chochote. Walimpa mkono wanaume waliobeba machela, naye aliyeonyesha njia wakadhani ni mama aliyekuwa akipita. Siku moja, tukiwa tumemteremsha kijana mmoja mwenye kizunguzungu, nilimwambia kwa furaha, "Mama, umejitolea sana leo."

"Mimi sijitolei," akasema. "Mimi natolewa. Nyinyi mnakuja na gari, mnasema twende, nakwenda. Mbuzi yangu nani anachunga?"

Mzee Guyo alikuwa akikunja magunia. Akasema polepole, "Hilo ndilo swali, na hakuna anayetaka kulisikia."

Kesi iliyobadilisha mambo ilitokea msimu wa kiangazi, jua likiwa kali tangu asubuhi. Mpandaji alikuwa mwalimu wa shule moja ya kule nyanda za juu, jina lake Harry. Sisi tulimwita Heri, ingawa siku ile hakutuletea heri. Alikuwa kijana mwenye madoadoa usoni, na Kiswahili alikisema vizuri, hata misemo. Alipanda na mwenzake, karani wa benki. Juu kabisa waligusa mzinga wa nyuki. Heri akaanguka ndani ya korongo, mguu ukavunjika chini ya goti. Karani akakimbia. Alifika barabarani Ngaremara uso umevimba hauna macho, na alipoulizwa mwenzake yuko korongo gani, la kusini au la mashariki, hakujua.

Tulikwenda na madebe mawili, na moja lilivuja njiani. Nakiru aliwaacha mbuzi wake wakilisha, na wanaume wachache wa Ngaremara wakaja nasi. Muda ndio ulitutatiza. Makorongo yalikuwa mawili na sisi tulikuwa wachache, maji yenyewe yangeisha mchana. Mzee Guyo akagawa kazi.

"Nyinyi na hawa wanaume wa Ngaremara mwende la kusini na machela. Mimi nitazunguka la mashariki na mfuko wangu. Atakayempata apulize mara tatu."

"Peke yako, Mzee?" nikasema. "Wewe, huko?"

Alijua nilichomaanisha. Akarekebisha kofia. "Mtu anaumia, Kiambi."

Tulimpata Heri katika korongo la kusini. Alikuwa amekauka midomo, na mguu ulikuwa umegeuka upande usio wake. Nilipuliza filimbi mara tatu. Nikangoja. Nikapuliza tena. Tulimfunga mguu kwa vijiti na vitambaa kama nilivyofunzwa, tukampa maji kidogo kidogo, tukamteremsha akilia na kuomba radhi kwa kulia. Tulipofika kwenye gari Mzee Guyo hakuwepo. Nikapiga honi. Nikazima injini, tukasikiliza. Palikuwa na upepo tu.

Mgonjwa alikuwa na homa, maji yamebaki kikombe. Nilisimama na ufunguo mkononi sijui niutie wapi.

"Peleka huyu," Nakiru akaniambia. "Mimi nafuata mguu ya Guyo."

Niliendesha nikiwa nimeuma meno. Nilimfikisha Heri hospitalini, nikarudi Ngaremara, na Nakiru alikuwa amekaa kando ya barabara akinisubiri, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Guyo ametembea vizuri mpaka mwisho ya kilima," akasema. "Halafu iko viatu ya askari, mingi. Halafu iko lori. Damu hakuna. Wamembeba."

Nilikwenda hadi kambi yao iliyokuwa mbele ya baria. Ndiyo, wakasema, wamemshika Shifta mmoja chini ya kilima. Nikawaambia ni dresa wa hospitali ya serikali, kila mtu Isiolo anamjua, amewadunga sindano hata wao. Mkubwa wao akaweka juu ya meza mfuko wa Mzee Guyo, ule wenye bendeji na mkasi na chupa ya dawa ya vidonda.

"Huu ndio ushahidi," akasema. "Alikuwa akienda kutibu majeruhi wao."

"Alikuwa akimtafuta mzungu!"

"Mzungu yuko wapi?"

"Tumempata upande mwingine."

Akanitazama kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura. Kesho yake nilirudi na karani wa hospitali, kisha nikarudi na imamu. Daktari alipiga simu huku na huku akaambiwa angoje. Mke wa Mzee Guyo alileta chakula langoni, kikapokelewa, hatukujua nani alikila. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Ndipo nikapita wodini nikamwona Heri ameegemea mito, mguu uko ndani ya plasta, anakunywa chai akisubiri gari la kumpeleka Nairobi.

"Bwana Kiambi!" akasema. "Sijapata nafasi ya kuwashukuru. Nilikuwa nafikiria jinsi tunavyoweza kuwasaidia."

"Mwalimu," nikasema, "unamkumbuka mzee mwenye kofia nyeupe?"

"Hapana. Sikumwona."

"Hukumwona kwa sababu alikuwa korongo la pili akikutafuta. Amekamatwa. Wanasema ni Shifta. Wamemfunga na mfuko wa dawa aliokuwa amekubebea wewe."

Aliweka kikombe chini. Madoadoa yake yote yalionekana wazi, kwa vile uso ulikuwa mweupe. Hakusema pole, na kwa hilo namheshimu. Alisema, "Nipe magongo."

Muuguzi alipinga, daktari alipinga, lakini tulimpakia nyuma ya Landrova mguu umenyooka juu ya magunia. Tulimpitia Nakiru njiani. Pale langoni Heri alisimama juani kwa magongo yake, akaeleza aliyeanguka ni nani, na lini, na nani alitumwa wapi. Nakiru naye aliongea, tena zaidi, akawaambia wale askari kwamba wangejua kusoma nyayo wangeona mzee alikuwa akisimama kila hatua chache kupuliza filimbi, na Shifta gani anatembea akipuliza filimbi? Hawakumsikiliza Nakiru. Walimsikiliza Heri. Sisi tulikuwa tumesema maneno yale yale kwa siku kadhaa mpaka sauti zikakauka. Yeye aliyasema mara moja, lango likafunguliwa. Nilifurahi, na nilikasirika vile vile, na niliona kwamba hata yeye ameliona jambo hilo, kwa sababu aliinamisha kichwa.

Mzee Guyo alitoka bila kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Alishikilia kifundo cha mkono wake, na sikio la kushoto lilikuwa limevimba. Sikio hilo halikusikia tena.

"Yule mtu alipatikana?" akauliza.

"Ndiye huyu, Mzee."

Akautazama mguu wa plasta, akamtazama kijana. "Alhamdulillahi," akasema, kisha akaomba maji.

Nakiru tulimrudisha Ngaremara. Mbuzi wake aliowaacha siku ya kumtafuta Heri walikuwa wamevuka barabara wenyewe, wakazagaa mahali palipokatazwa, nao wakachukuliwa na askari pamoja na mifugo mingine. Hakurudishiwa hata mmoja. Alibaki na wale wachanga waliokuwa bomani. Hakulia mbele yetu. Alituambia tu tumfungulie mlango wa gari, maana ile kamba ilikuwa inamsumbua.

Baada ya miezi kadhaa Heri alirudi anachechemea, amevaa shati safi, na chama chake cha wapanda milima kilikuwa kimemtuma. Tulikutana kando ya gereji ya hospitali, Mzee Guyo, Nakiru na mimi. Akatuambia wamechangishana, wanataka kutununulia kofia ngumu za kupandia, kamba za nailoni na vyuma vya kuning'inia, halafu watengeneze kibao cha shaba chenye majina yetu.

Nilimkatiza. Nilisema mambo ambayo hayafai kuandikwa, nikamalizia kwa kumwonyesha tairi la gari, lililokuwa na viraka juu ya viraka. "Hatuning'inii popote, Mwalimu! Tunasukuma!"

Mzee Guyo alinishika mkono ninyamaze. Alimgeuzia Heri sikio zima. "Kamba nzuri, asante," akasema. "Lakini kamba haitanitoa kwa lango. Nyinyi mnajua wakubwa. Nataka karatasi yenye picha yangu na muhuri, ya kusema Guyo anatafuta watu. Mimi na kila mtu anayekwenda na mimi. Bila hiyo sipiti tena Ngaremara."

"Na wewe, mama?" Heri akamuuliza Nakiru.

"Nimeshasema. Nikienda kilima, nani atachunga mbuzi?"

"Nitachunga mimi," Heri akasema. "Shule ikifungwa."

Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Nakiru hakucheka. Alimkagua kijana yule kuanzia kofia hadi viatu, kama alivyolikagua gari letu, akasema, "Basi kuja. Usilale."

Na alikuja. Likizo nzima alikaa Ngaremara akichunga mbuzi wa mjane wa Kiturkana, na mnisamehe, hajawahi kutokea mchungaji mbaya kama yule. Beberu alimla ukingo wa kofia. Mara mbili alipoteza mbuzi tukalazimika kwenda kuwatafuta, na nilimwambia huo sasa ni uchokozi. Wenyeji walikuja kumtazama jioni kama mchezo. Lakini katikati ya likizo ile msichana mmoja, mwanafunzi wa ualimu, alipotea kilimani, na Nakiru alitupa fimbo yake mikononi mwa Heri akapanda gari bila kugeuka nyuma. Tulitafuta hadi jioni kwa sababu Heri alikuwa amekuja na madebe ya maji ya kutosha. Ingekuwa zamani tungerudi mchana. Tulimpata akiwa hai chini ya mwamba, hawezi kutamka jina lake. Aliporudi, Nakiru aliwahesabu mbuzi. Wote walikuwepo. Akamwambia Heri, "Leo umechunga," na nadhani hata siku yake ya harusi yule kijana hakufurahi vile.

Karatasi za ruhusa zilipatikana, zenye picha na muhuri. Zilichelewa, lakini zilikuja, na ndilo jambo ambalo halikuwagharimu wapandaji kitu isipokuwa kuwasumbua wakubwa waliokunywa nao chai. Siku aliyopewa yake, Mzee Guyo aliivaa shingoni kwa uzi, akashona kofia mpya, akarudi kazini. Tukizima injini alikuwa anageuza kichwa ili sikio la kulia lielekee mlima.

Ni yeye aliyesema mchango uchukuliwe kabla ya mtu kupanda. "Aliyekwisha kuokolewa husahau haraka," alituambia. "Huyu anayekwenda bado anaogopa. Mwombe huyu." Heri akawafikishia wenzake, na ikawa sheria ya chama chao. Kila gari la wapandaji lilisimama kwanza hospitalini likaacha debe moja la petroli na debe moja la maji, na kila kikundi kililipa mtu wa Ngaremara achunge mifugo ya yule atakayeitwa. Asiyepotea hakurudishiwa. Walilalamika sana mwanzoni. Mmoja aliniambia yeye ni mzoefu, hajawahi kupotea. Nikamwambia hayo maji ni ya rafiki yake.

Kwa hiyo, vijana, wakiwauliza, msione haya, na msijibu "chochote mtakachotoa". Ukisema chochote utaletewa fulana. Semeni tairi, na mtaje saizi. Semeni mafuta. Semeni viatu, na namba ya kila mguu. Yule anayefunga kibanda chake cha miraa ili aende kutafuta mtoto wa watu, semeni jina lake na mtu atakayemshikia kibanda siku hiyo. Na waambieni kabla hawajapanda, wakiwa bado wanafunga kamba za viatu.

Vita vilipopoa na baria zikaanza kulegea, chama kile kilikuja Isiolo wote pamoja, wanaume kwa wanawake, kupanda Kilima cha Nyuki kwa sherehe. Mwenyekiti wao alikuwa mtu mkubwa wa kampuni, mwenye tumbo na sauti. Alisimama kwenye ua wa hospitali akatoa hotuba ndefu kuhusu urafiki na ujasiri, akalitamka vibaya jina la Mzee Guyo. Mzee alipiga makofi na wengine. Kisha akawaonyesha bomba lililokuwa nyuma ya jiko, akawaambia kwa adabu kwamba madebe yako pale, na mlima uko pale.

Wakapanga foleni na madebe yao, wakachota, wakayabeba hadi kwenye Landrova maji yakiwaruka viatuni. Nakiru alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mkono mmoja kiunoni. Mwenyekiti alifika akihema, akalitua debe mbele yake, akatoa leso ajipanguse.

Nakiru aliinama akatazama ndani.

"Hii haijajaa," akasema. "Rudi."

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikamtazama Mzee Guyo. Mzee Guyo alikuwa amemgeuzia sikio lile lisilosikia. Basi mwenyekiti akalibeba debe lake, akarudi bombani.